Land Rover ya marehemu imelala bandani tangu 2015: ninunue au niache?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Mzee mmoja wa Marangu alifariki mwaka juzi, na kijana wake anauza Land Rover 109 (ile ndefu) ya baba yake, Series III (toleo la tatu) ya mwaka 1978, injini ya petroli. Imesimama bandani tangu 2015. Anataka milioni 9. Fundi wangu aliiwekea betri, akapiga stata mara kadhaa, ikanguruma. Anasema injini bado ina nguvu na bodi ni alumini, haishiki kutu, ni ya kupiga rangi tu. Kadi bado ina jina la marehemu. Mimi nina milioni 14 jumla. Nataka inipeleke kazini, kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, inibebee mahindi wakati wa mavuno, na baada ya miaka michache niiuze kwa faida, maana nasikia Wazungu wanazitafuta kwa bei kubwa. Mke wangu anasema nimepagawa. Fundi pia ananishauri niitoe injini hiyo niweke ya dizeli ya Kijapani. Nifanye nini?"

Mwalimu, hujapagawa, na shemeji naye hajakosea. Ukilisoma swali lako polepole utaona ni maswali matatu. Gari hili ni zima? Linafaa kwa kazi unazotaka lifanye? Ni mahali pa kuweka akiba? Fundi wako amejibu la kwanza peke yake, tena kwa kuangalia pasipo na jibu. Msimamo wangu nakupa mapema: usitoe milioni 9, na usitoe hata arubuni, mpaka uwe umelala chini ya gari hilo na nyundo mkononi, na uwe umeiona hati ya mirathi kwa macho yako. Kwenye Land Rover ya umri huo mtu hununua chesisi na karatasi. Injini ni ya tatu.

Tuanze na hilo la alumini, maana limewaponza wengi. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover ikatengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa aloi ya alumini. Utaratibu huo ukaendelea kwenye Series II ya 1958 mpaka Series III, iliyoanza 1971 na kukoma 1985. Hadi hapo fundi wako yuko sahihi. Lakini alumini hiyo haibebi kitu. Kinachobeba injini, giaboksi, abiria na mahindi yako ni chesisi, na chesisi ni chuma cha kawaida: boriti mbili ndefu, kila moja imeundwa kwa bati zilizochomelewa zikawa boksi lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia kwenye uwazi huo kupitia matundu yake na kubaki humo. Kutu huanzia ndani na kutoka nje, kama jino linavyooza: ukiona kipele juu, chini yake pameshakuwa shimo.

Alumini yenyewe nayo si salama kabisa. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati yake kukawa na maji yenye chumvi au uchafu, umeme mdogo hupita kati yake, na kati ya alumini na chuma anayeliwa ni alumini. Angalia kingo za milango, ambayo fremu yake ni ya chuma, na kando ya ribiti: utaona rangi imevimba na chini yake kuna unga mweupe. Ukipiga rangi juu ya unga huo, utapendeza sikukuu moja. Masika yakifika unga utaisukuma rangi ibanduke.

Sasa ukaguzi wenyewe. Nenda mchana, vaa nguo usizoziogopea, beba nyundo ndogo, bisibisi bapa ya zamani, tochi na brashi ya waya. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Gari hili liko juu kiasi cha kutosha, utapita bila kuliinua. Anzia nyuma kabisa, kwenye boriti ya mwisho inayoshika ndoano ya kuvutia, kwa sababu ndiyo inayopigwa na tope la magurudumu ya nyuma na mara nyingi ndiyo hutangulia kuoza. Piga taratibu, kila inchi chache. Chuma kizima kinalia na nyundo inarukia mkononi. Chuma kilichooza kinatoa mlio mzito, uliokufa, na vumbi jekundu linamwagika kupitia tundu la kutolea maji. Hapo bonyeza bisibisi kwa nguvu ya kiganja. Ikipenya, unajua unachokinunua.

Kisha zifuate boriti zote mbili kuelekea mbele. Piga penye vishikio vya springi. Piga juu ya ekseli ya nyuma, ambapo huoni vizuri, kwa hiyo ingiza mkono upapase. Piga ile mikono mifupi inayotokeza pembeni kushika bodi na tanki, na ncha za mbele nyuma ya bampa. Ukikuta mahali pamepakwa lami au rangi nyeusi mbichi ilhali kwingine kuna vumbi la miaka, kwangua hapo kabla ya kwingine.

Baada ya chesisi njoo kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huo nao ni chuma, ingawa watu wengi hudhani ni sehemu ya bodi ya alumini. Nyanyua mpira wa sakafuni pande zote mbili, uangalie pale unapokanyaga. Fungua mlango wa dereva, ushike kwa chini, uunyanyue kidogo juu na chini. Bawaba ikicheza, ni kitu cha kubadilisha kwa saa moja. Nguzo yenyewe ikicheza, ukuta umeoza, na kuutengeneza ni kuvua gari nusu nzima.

Mahali gari lilipoishi pana maana kubwa. Land Rover iliyoishi Singida au Dodoma mara nyingi chesisi yake ni kavu, ila jua limemaliza raba na waya zake. Iliyoishi Tanga imekula chumvi ya bahari. Ya Marangu imekaa kwenye mvua na udongo unaonata, na kama mzee aliiingiza bandani na tope la safari ya mwisho, tope hilo limekuwa likinyonya unyevu kila masika tangu 2015. Hili lisikukatishe tamaa, lakini likupunguzie haya ya kugonga mali ya watu kwa nyundo.

Ukikuta mashimo kwenye ile mikono ya pembeni au boriti ya nyuma peke yake, hiyo ni kazi ya kawaida. Vipande hivyo hukatwa na kuchomelewa vipya, na fundi mzuri wa kuchomelea anaimaliza. Mashimo yakiwa penye vishikio vya springi au kwenye boriti kuu juu ya ekseli, shukuru, nyanyuka, urudi nyumbani. Atakuja mtu akwambie ataweka kiraka. Kiraka hushika pale tu kinapochomelewa kwenye chuma kizima, na boriti iliyooza kwa ndani haina chuma kizima cha kukishika. Kitaonekana imara mpaka siku utakapopakia magunia. Uingereza bado zinatengenezwa chesisi mpya za Land Rover hizi, zimechovywa zinki ndani na nje, na kwa mwenye uwezo hiyo ni tiba ya kweli. Ukijumlisha bei, meli, ushuru na ufundi wa kuhamisha kila kitu, haimo kwenye milioni 14 zako.

Kwa kipimo hiki usitegemee jicho lako wala langu la mbali. Kabla ya kulipa, livutwe mpaka gereji yenye shimo la ukaguzi, na mlipe mtu asiye na faida kwenye mauzo hayo. Moshi mna chuo cha VETA. Mwalimu wa uchomeleaji akiiangalia chesisi kwa nusu saa atakuokolea fedha nyingi. Fundi wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini ndiye atakayepata kazi ya rangi na kazi ya kubadilisha injini, kwa hiyo asiwe shahidi wako wa pekee.

Injini kunguruma ni habari njema, tena injini hii ya silinda nne, ya lita 2.25, ni ngumu kufa. Ila namna ilivyowashwa imenishtua. Gari likilala miaka mingi, oili huteremka kutoka kwenye kuta za silinda na ringi hukaa zikikwaruzana na chuma kikavu, pengine zimeshika kutu kidogo. Petroli ya zamani huganda ikawa gundi ndani ya kabureta, na kutu ya tanki husafiri na mafuta mpaka huko. Ukipiga stata ghafla unazikwangua ringi hizo kwenye kuta kabla oili haijafika. Ilivyotakiwa ni kufungua plagi zote nne, kumwaga oili kidogo kila silinda, kuiacha ilale, kisha kesho yake kuizungusha kwa mkono. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele kwa kazi hiyo hiyo. Ikizunguka laini, unamwaga oili ya zamani, unaweka mpya, unachuja mfumo wa mafuta, na petroli unaileta kwenye dumu safi, usitumie iliyo tankini.

Yaliyopita yamepita. Sasa mwombe muuzaji ruhusa ya kupima mgandamizo wa silinda injini ikiwa ya moto. Namba yenyewe si muhimu kama ulinganifu: silinda moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 hivi kuliko wenzake, iwekee oili kijiko kimoja upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Vyote vinatengenezeka, unachotaka ni kujua kabla ya kutaja bei.

Utaambiwa pia kwamba injini ya zamani haiwezi kutumia petroli ya siku hizi kwa sababu haina risasi. Asili ya maneno hayo ni ya kweli. Risasi ilikuwa inaacha utando kwenye viti vya valvu na kuvikinga visiliwe na joto. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na gari hili lilikuwa barabarani mpaka 2015. Limekunywa petroli isiyo na risasi miaka mingi tu. Mwambie fundi apime uwazi wa valvu; ukiwa unazidi kuziba kila baada ya muda mfupi, viti vinaliwa, na hapo kichwa cha injini kitavuliwa kiwekewe viti vigumu. Usipoziba, sahau.

Kinachonitia wasiwasi kuliko injini ni breki. Land Rover yako ina breki za ngoma magurudumu yote manne. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ukikaa miaka unazishikisha kutu silinda ndogo zilizo ndani ya ngoma. Pedeli inaweza kuwa ngumu na ya kuridhisha gari likiwa limesimama, kisha kwenye mteremko wa Marangu raba moja ichanike na mafuta yote yaondoke. Kwa hiyo gari hili lisiendeshwe kuteremka kuja Moshi, hata kama linawaka, hata kama kijana anakuhakikishia. Libebwe au livutwe na gari la kuvutia lenye breki zake. Silinda za magurudumu, masta silinda, mipira na mabomba ya breki vyote vibadilishwe kabla ya safari ya kwanza. Matairi nayo, hata yakiwa na meno mazuri: soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012, na tairi la umri huo ni la kuegeshea tu.

Twende kwenye karatasi, ambako watu waangalifu huumia kuliko kwenye kutu. Kijana si mwenye gari. Mwenye gari ni marehemu, na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto anayeishi karibu na banda. Muulize kama familia imeshafungua mirathi. Kama bado, wanahitaji kikao cha familia, muhtasari wake, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi na kumpa hati. Huyo ndiye atakayesaini mkataba wa mauziano na wewe mbele ya wakili. Ukinunua kienyeji kwa sababu kijana ni mstaarabu, siku dada yake atakapokuja kutoka Dar na kusema gari la baba halikuuzwa kwa ridhaa yao, atakuwa na haki ya kukupeleka mahakamani, na TRA haitabadilisha jina kwa mkataba uliosainiwa na mtu asiye na mamlaka. Mie ningemwambia kijana kwa upole: nataka gari, mirathi ikikamilika niite. Anayeuza kwa nia njema hatakasirika, na utakuwa umejinunulia muda wa kufikiri.

Linganisha namba pia. Ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele kulia, karibu na kishikio cha springi, na kuna kibao ndani ya kabini. Ya injini iko kwenye bloki, upande wa kushoto kuelekea mbele. Zote zifanane na kadi. Ya injini ikitofautiana, mara nyingi ni injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa, jambo linalorekebishika. Ya chesisi ikitofautiana, au ikionekana imechezewa, usilipe kitu mpaka mkaguzi wa magari wa polisi aione. Angalia na faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, kwa sababu zinafuata namba ya gari. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka isikuumize kichwa, ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Sasa kazi. Kwenda na kurudi kazini ni kilomita 30. Land Rover hii ya petroli hula lita moja kwa kilomita tano au sita, kwa hiyo kila siku ya kazi ni lita tano mpaka sita. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huu, kisha kwa siku za shule, uweke jibu mbele ya shemeji kabla yeye hajakuwekea. Zaidi ya mafuta, gari la miaka hii halipendi ratiba. Litakuacha asubuhi moja ya mtihani wa Taifa kwa sababu ya waya wa shilingi mia tano, na wanafunzi watakusubiri. Kama una njia nyingine ya kufika kazini, daladala au bodaboda, endelea nayo na Land Rover iwe ya Jumamosi. Kama huna, gari la kwanza kununua siyo hili.

Mahindi ni hadithi tofauti. Kubeba magunia kwenye njia mbovu ndiyo kazi iliyoumbwa nayo, na kama chesisi ni nzima itaifanya vizuri. Lakini mavuno ni wiki chache kwa mwaka. Kirikuu ya kukodi itakubebea mahindi yote kwa sehemu ndogo ya utakachotumia kwenye breki peke yake. Usiyatumie mahindi kama sababu. Kama unaitaka kwa kuwa unaipenda, kwa kuwa babako alipanda ya aina hiyo au kwa kuwa unapenda kushika spana Jumapili jioni, hiyo ni sababu halali na inatosha. Gari la zamani linatunzwa na mtu anayelipenda. Anayelitafutia kisingizio huchoka mapema.

Kuhusu Wazungu na bei. Soko lipo, sikukatalii. Marekani huruhusu gari lenye umri wa miaka 25 au zaidi kuingia bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Uingereza gari lililopita miaka 40 husamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa mwaka, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa. Ndiyo maana Land Rover za zamani zina wanunuzi huko. Ila wanaolipa bei unazosikia wanatafuta za mwanzo kabisa, za miaka ya 1948 hadi 1958, au iliyokamilika yenye kila kitu chake cha kiwandani, imetengenezwa upya kwa fedha nyingi na kila risiti ipo. 109 ya 1978 ni ya kundi la mwisho, zilizotengenezwa kwa wingi. Halafu hesabu gharama yako kwa uaminifu: ukinunua kwa 9, ukatengeneza kwa 8, ukakaa nayo miaka mitano ukiitunza, lazima uiuze kwa zaidi ya 17 pamoja na matunzo yote ndipo uone shilingi ya faida, na huyo mnunuzi lazima umtafute mwenyewe ukiwa Moshi. Mimi ningeiita faida kama siku ya kuiuza utarudishiwa bei uliyonunulia. Matengenezo yahesabu kuwa ndiyo starehe uliyolipia. Akiba ya fedha ipeleke kwenye SACCOS ya walimu.

Kwa bajeti yako natumia kanuni moja kwa magari yaliyolala: bei ya kununua isizidi nusu ya fedha zote ulizonazo. Una 14, kwa hiyo kikomo ni 7, tena ikiwa chesisi imepita kipimo cha nyundo na mirathi imekamilika. Zile 7 nyingine ni za breki, matairi, mfumo wa mafuta, waya, raba zote, kubadilisha jina, bima, na yale ambayo hakuna aliyeyaona. Rangi ije mwisho kabisa, mwaka wa pili. Ukimkuta kijana hashuki chini ya 9, usibishane naye, zipo 109 nyingine Kilimanjaro na Arusha. Huenda kuna moja inayotembea kila siku sokoni, imechakaa sura lakini haijawahi kulala. Hiyo mara nyingi ni nunuzi bora kuliko iliyofunikwa turubai, kwa kuwa kila kitu chake kimekuwa kikizunguka na kupata oili.

Bima ndogo ni lazima, na stika yake uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Bima kubwa uliza mapema wataithamini vipi, na mkubaliane thamani kwa maandishi na picha kabla ya kulipa. Usipofanya hivyo, siku ya ajali watakulipa thamani ya gari kuukuu la miaka mingi.

Ukishainunua, spea hazitakusumbua kama za magari mengine ya umri wake. Land Rover ina bahati hiyo, vitu vyake vingi bado vinatengenezwa, na Arusha au Gerezani pale Kariakoo utavipata. Shida ni ubora. Kwa breki, usukani na raba za injini lipia oji. Kwa bawaba na vioo vya taa, ya kuiga inatosha. Liendeshe kila wiki, hata kama ni kwenda kanisani na kurudi, umbali wa kutosha injini kupata joto kamili. Kagua oili kwenye giaboksi, giaboksi ndogo, difu zote mbili na yale mapira ya chuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu zitadondoka kidogo kidogo na ukisahau zitaisha. Osha chini kila baada ya safari ya tope na uzibue matundu ya kutolea maji kwenye chesisi. Mafundi wengi hupulizia oili chafu chini ya gari kukinga kutu. Inasaidia kidogo, lakini inakamata vumbi na inaharibu raba za breki na bushi, mbali na kuchafua udongo wako wa nyumbani. Nta ya kupulizia ndani ya boriti au grisi iliyopashwa moto hufanya kazi bora.

Jambo jingine ambalo wenye gari hili wapya hulikosea ni ile gia ya magurudumu manne, kile kitufe cha njano unachokisukuma chini. Itumie kwenye tope, mchanga au kokoto tu. Gari halina difu ya katikati, na kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali sawa. Kwenye udongo yanateleza kidogo na kusawazisha. Kwenye lami hayawezi kuteleza, kwa hiyo shafti zinajipinda zikibeba mzigo, mpaka moja ikatike. Kilio cha "Land Rover hukata shafti" mara nyingi kimeanzia hapo.

Nimeiacha injini ya Kijapani mwisho kwa sababu haina haraka. Najua inafanyika sana, na wapo walioridhika nayo kwa ajili ya mafuta. Lakini mabadiliko hayo hayaishii kwenye injini: yanataka bamba la kuunganishia giaboksi, vishikio vipya vya kuchomelewa kwenye chesisi, rejeta nyingine, mara nyingine shafti ya kukatwa. Difu za gari hili ni za uwiano wa 4.7, za kuvuta polepole, kwa hiyo dizeli isiyopenda mizunguko mingi itakuwa inapiga kelele ukiwa kilomita 80 tu kwa saa. Injini mpya lazima iandikishwe kwenye kadi. Na ile ndoto ya mnunuzi wa ng'ambo unaizika hapo hapo, kwa sababu anataka ya kiwandani. Iendeshe na injini yake mwaka mzima kwanza. Ukishindwa na gharama za petroli ukaamua kubadilisha, usimwachie fundi ile ya zamani kama sehemu ya malipo. Iwekee oili kwenye silinda, ziba matundu yote, ipandishe kwenye mbao nyuma ya nyumba na uifunike vizuri, kwa sababu siku ya kuuza mnunuzi wa kwanza mwenye fedha atakuuliza iko wapi.